Jinsi ya kuisoma rushwa kama mchumi: anza na bei, maadili yatakuja baadaye

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupewa swali la kueleza rushwa kiuchumi, nikajaza kurasa nne za tamaa, ubinafsi, uzalendo umekwisha, hofu ya Mungu imepungua, nikarudishiwa karatasi ina mstari mmoja tu wa kalamu nyekundu: nani anauza nini kwa nani? Iliniuma kinoma ila saivi nakubali, ule mstari ndo mwongozo wenyewe. Mchumi hakatai kwamba tamaa ipo, anachosema ni kwamba tamaa ipo kila mahali, sasa mbona dirisha hili wanakula na dirisha la jirani hawali? Kitu kilichopo kote hakiwezi kueleza tofauti.

Kwa hiyo ukipewa stori yoyote ya rushwa, iwe ya mtihani au ripoti au unabishana tu na watu, usianze kuhukumu. Anza kuuliza maswali. Nitatumia stori moja hapa ili tusipotee. Kuna karani, dirisha na mhuri. Mtu kaja na fomu zimekamilika, ada halali ni 10, na akipata kibali biashara yake itamuingizia 100. Karani anazipindua karatasi, anazitazama kama mtu anayetafuta kosa la tahajia, anazirudisha chini ya kioo, "njoo wiki ijayo". Jamaa hasubiri wiki ijayo, anarudi mchana huo huo na bahasha ina 50. Mhuri unagongwa kabla hajakaa vizuri.

Kilichouzwa ni cha nani

Fasili inayotajwa sana ni ya Benki ya Dunia, kwamba rushwa ni kutumia vibaya ofisi ya umma kwa faida binafsi. Transparency International, wale walioanzia Berlin mwaka 1993, wao wanasema madaraka uliyokabidhiwa, na hilo neno kukabidhiwa limebeba mzigo mkubwa, maana hata meneja manunuzi wa kampuni binafsi anayekatiwa asilimia na muuzaji anaingia humo wakati kwenye fasili ya kwanza anachomoka. Ukiandika sema mapema unatumia ipi, watu wengi wanaanza na moja wanamaliza na nyingine.

Ila hizo bado ni fasili za kukariri. Mchumi anazifungua anatafuta watu watatu ndani: mwenye mali, wakala wake, na mteja. Susan Rose-Ackerman alikuwa ameshaanza kuliweka jambo hivi miaka ya 1970. Kibali si cha karani, ni cha mwenye mali ambaye ni wananchi au serikali, karani kakabidhiwa mhuri tu, kwa hiyo anauza uamuzi usio wake. Na mwenye mali haoni kinachoendelea pale dirishani. Karani anajua fomu zipi zilikuwa sawa, zipi zilikuwa na shida kweli, mwenye mali hajui. Ukila na kipofu usimguse mkono, ndo nadharia nzima hiyo, imevalishwa suti tu.

Kama huwaoni watu watatu, pengine unachokitazama si rushwa. Karani akibeba rimu za karatasi kwenda nazo nyumbani ni wizi, mteja hayupo. Kampuni ikitumia mamilioni kuwashawishi wabunge, kihalali kabisa, waipitishie sheria ya kuilinda, hiyo nayo ni ishu nyingine ambayo nitaigusa chini.

Pima urefu wa kamba

Robert Klitgaard mwaka 1988 aliandika kanuni ambayo mpaka leo inanukuliwa kwenye semina: rushwa ni ukiritimba, jumlisha hiari ya kuamua, toa uwajibikaji. Yaani uko peke yako kwenye hicho kitu, unaamua utakavyo, na hakuna anayekuuliza. Sisi tuna methali ya mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake, watu wanaitumia kujitetea, lakini ukiisoma kichumi ni maelekezo mazuri kabisa, acha kumtukana mbuzi, nenda kapime kamba.

Karani wetu: je, kuna dirisha lingine la kupata hicho kibali? Hakuna. Je, vigezo vimeandikwa wazi au kuna kile kipengele cha "na sharti lolote ofisa atakaloona linafaa"? Kipo, na hapo ndo kamba inapolegea. Je, kuna daftari linaloonesha fomu iliingia lini ikatoka lini? Mali bila daftari huisha bila habari. Angalizo moja tu, hiyo kanuni si hesabu ya kweli, huwezi kuingiza namba ukapata jibu, ni orodha ya kuangalia. Nimeona watu wanaichora grafu kabisa, sijui huwa wanapata wapi vipimo.

Fanya hesabu ya karani

Gary Becker ndo aliyeleta hii mwaka 1968, na stori ya ilivyomjia aliisimulia mwenyewe. Alikuwa amechelewa kwenda kumsaili mwanafunzi, akawa anajiuliza alaze gari kwenye maegesho ya kulipia au aliweke mtaani kinyume cha sheria ajaribu bahati. Akapiga hesabu, uwezekano wa kukamatwa, ukubwa wa faini, gharama ya maegesho, akaliweka mtaani. Kufika chumbani swali la kwanza alilomuuliza mwanafunzi likawa ndo hilo hilo.

Karani naye anapiga hesabu hiyo. Bahasha ina 50. Tuseme katika mara 100 anakamatwa mara 5, na akikamatwa anapoteza kazi, pensheni na jina, vyote tuvithamini 400. Hasara anayoitarajia ni 20, faida ni 50, anakula. Mkipandisha uwezekano wa kukamatwa ufike mara 15 kwa 100, hasara inakuwa 60, anaacha. Mkipandisha adhabu ifike 4,000 lakini hakuna hata siku moja anayekamatwa, hasara ni sifuri, anakula huku anasoma tangazo la adhabu lililobandikwa ukutani.

Sasa kuna shimo ambalo watu hawalioni. Anayemkamata karani ni nani? Mkaguzi. Na mkaguzi akiwa naye ana bei, basi adhabu kubwa inakuwa mtaji wake, karani aliyetishiwa hasara ya 4,000 atampa mkaguzi bahasha nono zaidi kuliko aliyetishiwa 400. Kwa hiyo kuongeza adhabu bila kujua nani anashika rungu kunaweza kuhamisha tu rushwa kutoka ghorofa ya chini kwenda ya juu.

Na mshahara? Becker na George Stigler mwaka 1974 walisema mlipe zaidi ya anachoweza kupata nje, ili kufukuzwa kuume. Inaingia akilini, ila soma masharti madogo: inafanya kazi kama anaweza kufukuzwa kweli. Ghana walipandisha mishahara ya polisi mwaka 2010, karibu mara mbili, wachumi Foltz na Opoku-Agyemang wakafuatilia malori ya masafa marefu yanayopita vizuizi, na wakakuta polisi wanakomaa zaidi kuomba na kiasi wanachochukua kimepanda. Mshahara ulipanda, pengine uwezekano wa kufukuzwa ukabaki pale pale. Ukiulizwa kama mishahara minono inaua rushwa, jibu linaanza na "inategemea", halafu unaonesha hesabu.

Hesabu madirisha, hapa ndo pananoga

Andrei Shleifer na Robert Vishny mwaka 1993 waliuliza kitu ambacho ukishakielewa hutaisoma tena stori ya rushwa kama zamani. Swali lao ni soko la rushwa limepangwaje, muuzaji ni mmoja au wengi, na wanauza kitu kimoja au vipande vinavyotegemeana?

Twende na namba, chukua kalamu kabisa. Kuna watu 100 wanaotaka kibali, wa kwanza yuko tayari kutoa hongo mpaka 100, wa pili 99, wa tatu 98, hivo hivo mpaka wa mwisho. Dirisha likiwa moja, karani atapanga bei ya 50, wananunua watu kama 50, anaondoka na 2,500. Akipanga juu wateja wanakimbia, akipanga chini anajipunja.

Sasa kibali kihitaji mihuri miwili, madirisha mawili, makarani ambao hata hawasalimiani. Kila mmoja anajipangia yake bila kumfikiria mwenzake. Wataishia kwenye 33 kila mmoja, jumla 66, na wateja wanabaki kama 34. Ukijumlisha walichopata wote wawili ni kama 2,240, kidogo kuliko karani mmoja peke yake, na wananchi wameumia zaidi. Madirisha manne: 20 kila mmoja, jumla 80, wateja kama 20, mapato 1,600 kugawana wanne. Yaani bei imepanda, watu waliopata huduma wamepungua, na hata walaji wenyewe wanalia njaa. Kila mmoja anakamua ng'ombe yule yule bila kuulizana nani kakamua asubuhi.

Ndo maana wanasema rushwa iliyoratibiwa na bosi mmoja inaweza kuharibu uchumi kidogo kuliko ile ya kila mtu na bahasha yake. Si kwamba ni nzuri jamani, bosi mmoja ana sababu ya kutoua soko, basi.

Halafu geuza. Madirisha manne lakini yote yanatoa mhuri ule ule, unaweza kwenda lolote. Karani wa kwanza akitaka 50 unahamia la pili, la pili linataka 40, unahamia la tatu, bei inashuka kuelekea sifuri bila kumfunga mtu. Kwa hiyo kuongeza ofisi kunaweza kuwa dawa au sumu, inategemea ofisi zinashindana au zinafuatana.

Benjamin Olken na Patrick Barron walilipima hili Aceh, Indonesia, kwa kupandisha watu kwenye malori wakijifanya utingo wa dereva. Safari 304, malipo haramu zaidi ya 6,000 waliyoyaona kwa macho. Katikati ya utafiti, baada ya mkataba wa amani wa 2005, wanajeshi na askari wakaondolewa na vizuizi vikapungua. Vile vilivyobaki vikapandisha bei, kama nadharia ilivyosema, ingawa jumla anayolipa dereva ilishuka. Na kuna kimoja nakipenda sana, kwenye njia moja vizuizi vya karibu na mwisho wa safari vilitoza zaidi, maana dereva aliyeshatoa hongo njia nzima hawezi kugeuza lori akiwa anauona mji.

Jambo lingine kutoka kwa Shleifer na Vishny, tofautisha rushwa ya nyongeza na rushwa ya kupunguziwa. Karani wetu anachukua 50 juu ya ada ya 10, serikali inapata chake, mteja ananuna, kuna siku ataenda kushtaki. Lakini akimwambia "nipe 6 tusiandike risiti", serikali inakosa 10, mteja kaokoa 4, wote wawili wanatabasamu. Hii ya pili haina mlalamikaji, ndo maana inaenea kimya kimya, hasa kwenye ushuru na kodi. Kutegemea namba ya kupiga simu kuripoti kwenye rushwa ya namna hii ni kupoteza muda, anayejua hana sababu ya kupiga.

Foleni ilikuwepo au ilitengenezwa

Lazima utakutana na hoja ya mafuta ya gurudumu. Penye udhia penyeza rupia. Nathaniel Leff mwaka 1964 aliitetea hadharani, kwamba sheria zikiwa mbovu na urasimu mzito hongo inasaidia mambo yatembee, na Francis Lui mwaka 1985 akaonesha kwa hesabu kwamba kwenye foleni wenye haraka zaidi watalipa zaidi, kwa hiyo hongo inawapanga watu kwa thamani ya muda wao. Hata sheria ya Marekani ya 1977 inayokataza kuhonga maofisa wa nje imewaachia mwanya wale wanaolipa kidogo kuharakisha tu kazi ya kawaida.

Usiicheke hii hoja, ichukue kwa uzito halafu uulize swali moja: foleni imetoka wapi? Rudi dirishani. Fomu zilikuwa zimekamilika. "Njoo wiki ijayo" ilikuwa bidhaa, karani aliitengeneza pale pale. Gunnar Myrdal aliliona mapema, mwaka 1968, kwamba ofisa akishajua kuharakisha kunalipa atachelewesha kwa makusudi. Leff anachukua udhia kama mvua, umenyesha tu, Myrdal anasema udhia una kiwanda. Na Kaufmann na Wei mwaka 1999 wakiangalia makampuni ya nchi nyingi wakakuta yanayohonga zaidi ndo yanapoteza muda mwingi zaidi na maofisa. Gurudumu lililotiwa mafuta limezidi kukwama.

Mfano wa karibu zaidi ni leseni za udereva Delhi. Watafiti waliwafuata waombaji 822, wengine wakaahidiwa zawadi wakiipata leseni haraka, wengine wakapewa mafunzo ya udereva bure. Ile habari ya mafuta ingekuwa kweli, wenye haraka wangelipa tu kuruka foleni. Kilichotokea, wenye haraka walipata leseni zaidi kwa kupitia madalali, wengi bila hata kukaa kwenye mtihani, na walipopimwa pembeni wengi wao hawajui kuendesha. Waliojifunza kweli nao walipata leseni zaidi, ila si kama wenye haraka, maana maofisa walikuwa wanawafelisha kiholela ili waende kwa dalali. Hapo hongo haikuharakisha huduma, ilinunua huduma tofauti kabisa.

Kaushik Basu, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi wa wizara ya fedha ya India, mwaka 2011 alipendekeza kwa hongo za aina hii, za kudaiwa kwa haki yako mwenyewe, mtoaji asiwe na kosa na mpokeaji aadhibiwe maradufu, ili baada ya mhuri kugongwa mteja awe na hamu ya kumchoma karani. Alishambuliwa vibaya. Mi naona wazo lina akili ila linasahau kwamba karani naye atalisoma, ataomba bei ya juu zaidi kufidia hatari.

Faida ya bwerere

Hapa nitapita haraka. Wachumi wanaita renti ile faida inayokuja si kwa sababu umezalisha bali kwa sababu mlango umefungwa na funguo unayo wewe. Anne Krueger mwaka 1974 alikadiria renti za vibali, nyingi za kuagiza bidhaa nje, akapata kama asilimia 7.3 ya pato la taifa kwa India mwaka 1964, na za Uturuki kama asilimia 15 mwaka 1968. Hoja yake si hela kuhama mfuko. Hoja ni kwamba watu wanaacha kazi za maana wanaenda kukimbizana na kibali, kampuni inaajiri mtu wa kushinda koridoni badala ya fundi. Hongo ni njia mojawapo tu ya kuikimbilia renti, kushawishi wabunge kihalali ni nyingine. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na hongo kidogo na renti nyingi sana, usikamatwe hapo.

Jirani anafanyaje

Hesabu ya karani niliyoiweka juu ina kasoro, nilijifanya uwezekano wa kukamatwa umeshuka kutoka mbinguni. Ukweli unategemea wenzake. Ofisini wakila wote, nani atamshtaki nani, na aliye msafi ndo anaonekana mchawi. Wasipokula, mmoja akila anaonekana saa hiyo hiyo. Kwa hiyo watu wale wale, sheria zile zile, wanaweza kukwama kwenye hali ya kula wote au hali ya kutokula, na kila hali inajishikilia yenyewe. Andvig na Moene waliionesha hii kwa hesabu mwaka 1990.

Polisi wa Hong Kong ya zamani walikuwa na usemi kuhusu basi: unaweza kulipanda, unaweza kukimbia kando yake, ila usisimame mbele yake. Baada ya ofisa mkubwa wa polisi Peter Godber, aliyekuwa anachunguzwa kwa rushwa, kutoroka mwaka 1973, mwaka 1974 ikaundwa tume huru ya kupambana na rushwa, ICAC, isiyo chini ya polisi. Mwaka 1977 polisi wakachachamaa mpaka gavana akasamehe sehemu kubwa ya makosa ya kabla ya mwaka huo. Kimaadili inakera, ila kinadharia inaeleweka, huwezi kumwambia mtu ashuke kwenye basi kama kushuka ni kifungo.

Wa "ni utamaduni tu" wapelekee magari ya wanadiplomasia New York. Walikuwa na kinga, faini hawalipi, na Fisman na Miguel wakahesabu tiketi za maegesho zaidi ya 150,000 ambazo hazijalipwa toka mwishoni mwa 1997 mpaka 2002. Wa Norwe sifuri, wa Kuwait zaidi ya 240 kwa kila mwanadiplomasia. Utamaduni huo, unaonekana. Halafu Oktoba 2002 jiji likaruhusiwa kuwanyang'anya namba za magari, makosa yakaanguka kwa karibu asilimia 98.

Ukifika kwenye kupima

Ile orodha maarufu ya Transparency International ya kupanga nchi kwa rushwa, inayotoka tangu 1995, inapima mtazamo wa wataalamu na wafanyabiashara, haihesabu bahasha, kwa hiyo usiseme rushwa imeongezeka kwa sababu nchi imeshuka nafasi mbili. Vipimo vizuri vinalinganisha kilichotoka na kilichofika. Uganda, Reinikka na Svensson walifuata ruzuku za shule za 1991 mpaka 1995, kilichofika shuleni kwa wastani kilikuwa asilimia 13 tu.

Na Olken yule yule wa malori aliwahi kwenda kwenye barabara za vijiji zaidi ya 600 Indonesia, wahandisi wakachimba vipande vya barabara kuona mawe na mchanga uliomo, wakakadiria gharama halisi, wakalinganisha na vitabu. Vijiji vingine vikaambiwa ukaguzi ni lazima, uwezekano ukapanda kutoka asilimia 4 mpaka 100, na hela zilizopotea zikapungua kwa pointi kama 8 za asilimia. Safi kabisa, ila walipoangalia orodha ya walioajiriwa kwenye hizo barabara, ndugu wa viongozi wa mradi walikuwa wameongezeka.